Kompyuta ndiyo itakayochagua matibabu ya mtoto: tukubali au tukatae?

Swali hili limetoka kwa mama mmoja wa mkoani Tanga, nami nimelifupisha: "Shikamoo daktari. Mtoto wa mdogo wangu, mwenye miaka mitatu, amelazwa kwa nimonia kali. Wametuletea fomu ya utafiti, kurasa nyingi. Wanalinganisha njia mbili za kumtibu, na wanasema atakayopata itaamuliwa na kompyuta, siyo daktari. Baba wa mtoto amekataa katakata, anasema watoto wetu wanafanyiwa majaribio. Mdogo wangu anaogopa kwamba wakikataa mtoto hatahudumiwa vizuri. Kwani daktari hajui dawa iliyo bora? Na damu wanazochukua wanapeleka wapi?"

Marahaba mama, na poleni sana kwa kuuguza. Nianze na hofu ya mdogo wako, maana ndiyo ya haraka. Wakikataa, mtoto ataendelea kupata matibabu yaleyale ambayo angepewa kama utafiti huo usingekuwapo wodini. Hakuna daktari wala nesi mwenye haki ya kumpunguzia huduma, kumchelewesha au kumnunia mzazi kwa sababu amekataa. Wakikubali leo na kesho wakabadili mawazo, wanajitoa, na hawadaiwi maelezo. Hiyo siyo hisani ya daktari. Utafiti haupewi kibali bila sharti hilo, na lazima liwe limeandikwa kwenye fomu mliyopewa. Lisipokuwamo, msitie saini.

Sasa swali lako kubwa, kwamba daktari hajui dawa iliyo bora. Katika jambo hilo moja wanalolichunguza, hajui, na akikwambia hajui anasema kweli. Angekuwa na uhakika kwamba njia ya kwanza inaokoa watoto wengi kuliko ya pili, kuwagawa watoto kwa bahati nasibu, kazi ambayo ndiyo hufanywa na kompyuta, kungekuwa dhuluma, na kamati ya maadili isingeruhusu. Najua si rahisi kulisikia neno hilo ukiwa umekaa kando ya kitanda cha mtoto anayehema kwa shida. Ndiyo maana nataka nikusimulie kwa kirefu utafiti mmoja ambao sehemu yake ilifanyika hukohuko mkoani kwenu, katika Hospitali ya Teule, Muheza.

Kwa miaka mingi madaktari wa watoto tulifundishwa hivi: mtoto mwenye homa kali ambaye damu haizunguki vizuri mwilini, yaani miguu na mikono imepoa, moyo unakwenda mbio, ukimbonyeza ukucha rangi inachelewa kurudi, mpe maji mengi ya dripu kwa kasi, tena ndani ya saa ya kwanza. Hospitali za nchi tajiri zilifanya hivyo kila siku. Hoja yenyewe iliingia akilini: mishipa imelegea, maji ndani yake hayatoshi, basi ijaze. Wengi waliona hapo hakuna cha kuuliza. Lakini hakukuwa na utafiti mkubwa uliowahi kulinganisha watoto waliopewa maji hayo kwa kasi na wale wasiopewa. Na hospitali nyingi za Afrika wakati huo hazikuwa zikiyatoa kwa kasi hiyo, kwa hiyo iliaminika kwamba watoto wetu wanakufa kwa kukosa kitu ambacho wenzao wa Ulaya wanakipata.

Januari 2009 watafiti wakiongozwa na Profesa Kathryn Maitland, ambaye kituo chake cha kazi ni Kilifi, walianza kulipima jambo hilo katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania. Utafiti uliitwa FEAST. Watoto wa kuanzia siku 60 hadi miaka 12 waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. Kundi moja lilipewa kwa kasi maji yenye albumini, yaani protini ya damu, la pili likapewa kwa kasi maji ya chumvi ya kawaida ya hospitali, na la tatu halikupewa maji ya kasi, ila dripu ya polepole tu. Wote walipata antibayotiki, dawa ya malaria kwa wenye malaria, oksijeni na damu kwa waliohitaji. Hata manesi na madaktari wa wodi hizo walipewa mafunzo ya ziada ya kuhudumia mtoto mahututi, na vifo katika makundi yote vikawa vichache kuliko ilivyokadiriwa mwanzoni.

Ungewauliza madaktari siku ile, wengi wangekwambia kundi la tatu ndilo litakalopoteza watoto. Ilipangwa kuandikisha watoto 3,600. Januari 2011, walipokuwa wamefika 3,141, kamati huru inayosoma takwimu za utafiti ilishauri usimamishwe. Kati ya watoto waliopewa maji kwa kasi, asilimia 10.6 ya kundi la albumini na asilimia 10.5 ya kundi la maji ya chumvi walikuwa wamefariki ndani ya saa 48. Katika kundi ambalo halikupewa maji ya kasi walifariki asilimia 7.3. Matibabu yaliyoaminiwa kuwa yanaokoa yalikuwa yanaondoa uhai wa watoto wapatao watatu zaidi katika kila mia.

Kuna jambo jingine katika utafiti ule ambalo naliona ni zito kuliko hata hiyo hesabu ya vifo. Watafiti waliporudi kuangalia hali ya watoto saa moja tu baada ya matibabu kuanza, waliona kwamba waliopewa maji kwa kasi ndio walioonekana kupata nafuu. Dalili za damu kutozunguka zilikuwa zimetoweka kwa asilimia 43 yao, wakati kwa wale wengine ni asilimia 32. Fikiria nesi aliyesimama pale: anamwona mtoto mikono inapata joto, mapigo yanatulia, mama anashusha pumzi. Nesi huyo angeapa kwamba maji yamesaidia. Kisha saa zikapita, na wengi zaidi wa kundi lile wakafa, hasa kwa moyo na mzunguko wa damu kushindwa kazi.

Kwa hiyo mama, macho ya daktari mwenye uzoefu, hata kama ametibu watoto miaka 30, yasingeiona tofauti ile. Watoto watatu katika mia hawaonekani kwa macho ya mtu mmoja katika wodi moja. Mmoja amefika amechelewa, mwingine ana upungufu wa damu, mwingine ana malaria na nimonia kwa pamoja. Kila kifo kinapata sababu yake ya kueleweka, na hakuna anayeishuku dripu. Tofauti hiyo huonekana tu ukiwa na maelfu ya watoto, waliogawanywa bila mtu kuchagua, wakafuatiliwa kwa namna ileile.

Hapo ndipo kompyuta inapoingia. Daktari akiachiwa achague mwenyewe, atachagua kwa huruma. Mtoto aliye hoi zaidi atampa ile dawa anayoiamini, au pengine atamwacha asimsumbue na atampa yule mwenye matumaini. Vyovyote atakavyofanya, makundi mawili hayatalingana tangu mwanzo, na mwisho wa utafiti hutajua kama walipona kwa dawa au kwa sababu hawakuwa wagonjwa sana. Bahati nasibu huwapa watoto wote nafasi sawa, na huufunga mkono wa daktari, na mkono wangu pia, usipendelee. Mtoto wa mkurugenzi na mtoto wa mkulima wa Lushoto wanapangwa kwa namna moja.

Hapa nina onyo ambalo sitaki msomaji yeyote alipite. FEAST haikuhusisha watoto wanaoharisha na kutapika mpaka wakaishiwa maji, wala walioungua moto, wala wenye utapiamlo mkali. Mtoto anayeharisha anahitaji maji, ya kunywa au ya dripu kadiri hali yake ilivyo, na kumnyima ni kumuua. Nimesikia watu wakisimulia matokeo yale kana kwamba dripu ni sumu. Sivyo. Swali lilikuwa moja, kwa watoto wa aina moja, na jibu ni la hao.

Matokeo yalipotangazwa mwaka 2011 yalizua mabishano makali, hasa kwa madaktari wa nchi tajiri waliosema hospitali zile hazina vyumba vya wagonjwa mahututi wala mashine za kupumulia. Ni kweli hazikuwa nazo. Lakini watoto wetu wanatibiwa katika hospitali hizohizo, siyo katika za London. Ilichukua hadi mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani kuandika upya mwongozo wake wa dharura za watoto na kuzuia maji ya kasi kwa watoto wengi wa aina hiyo. Mwaka 2017 utafiti uliofanyika Lusaka, Zambia, kwa watu wazima wenye sumu ya maambukizi kwenye damu na presha iliyoshuka, ulionyesha jambo linalofanana: waliopewa maji mengi na dawa za kupandisha presha kwa utaratibu ule wa nchi tajiri walifariki asilimia 48, na waliotibiwa kwa utaratibu wa kawaida wa hospitali ile walifariki asilimia 33. Utafiti unaofanywa kwetu, kwa wagonjwa wetu, unajibu maswali ambayo hakuna mwingine atakayetujibia.

Na si kila mara jibu ni kwamba cha zamani ndicho bora. Wewe na mimi tumekulia kwenye kwinini, masikio yakivuma. Utafiti uliofanyika katika nchi tisa za Afrika, Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Kongo zikiwamo, kwa watoto 5,425 wenye malaria kali, ulionyesha mwaka 2010 kwamba waliopewa sindano ya artesuneti walifariki asilimia 8.5, na wa kwinini asilimia 10.9. Muheza na Korogwe walikuwamo pia. Leo mtoto wako akilazwa kwa malaria kali anachomwa artesuneti kwa sababu wazazi wa watoto wale walikubali. Upande wa uzazi, utafiti uliotangazwa mwaka 2023 katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini ulionyesha kwamba kupima damu inayomtoka mzazi kwa mfuko wa plastiki wenye alama za vipimo, kisha kumpa matibabu yote kwa pamoja mara tu inapozidi, kulipunguza kuvuja damu kwingi na madhara yake makubwa kwa asilimia 60. Mfuko wa plastiki tu na utaratibu wa kazi.

Sasa nije kwa baba wa mtoto. Naomba msimwone mkorofi wala mshamba. Hofu yake ina mizizi. Kuanzia 1932 hadi 1972, huko Tuskegee, jimbo la Alabama, Marekani, idara ya afya ya serikali iliwafuatilia wanaume weusi wapatao 400 wenye kaswende bila kuwaambia ukweli wa ugonjwa wao, na hata penisilini ilipokwisha kujulikana kuwa inaponya, hawakupewa. Walitazamwa wanavyoumia. Mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo huko Kano, Nigeria, kampuni moja kubwa ya dawa ya Marekani iliwapa watoto dawa mpya katika utafiti wa watoto 200, na baadaye wazazi wakasema hawakuambiwa kwamba ni utafiti. Kampuni ilikanusha kukosea, lakini mwaka 2009 ilikubali kulipa dola milioni 75 kumaliza kesi na jimbo la Kano. Pwani yetu nayo ina kumbukumbu zake ndefu za mumiani, na mtu akiona sindano, chupa na mgeni mwenye karatasi, moyo unastuka kabla ya akili. Mtafiti anayekasirishwa na hofu hiyo hafai kuingia wodini.

Kinachotofautisha utafiti wenu na ule wa Tuskegee ni mambo ambayo mnaweza kuyakagua wenyewe. Kwa Tanzania Bara, utafiti wa namna hii lazima uwe na kibali cha kamati ya maadili ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, ile tunayoiita NIMR, na kama ni majaribio ya dawa lazima pia Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, iwe imeidhinisha. Namba ya kibali inatakiwa ionekane kwenye fomu, pamoja na simu ya mtafiti mkuu na simu nyingine ya kamati yenyewe, ili mwenye malalamiko asilazimike kumlalamikia yuleyule anayemlalamikia. Pigeni hiyo simu ya kamati. Iko pale kwa ajili yenu, na nasikitika kwamba watu wachache mno huitumia.

Fomu ni ndefu, na Kiswahili chake mara nyingi kinachosha. Hilo linaniudhi, kwa sababu fomu isiyoeleweka haitoi ridhaa ya kweli. Kwa hiyo msihangaike kuisoma yote kwa mkupuo. Mwambieni daktari wa utafiti akae chini awaeleze, baba akiwapo. Mimi ningemuuliza kwanza: kama mtoto asipoingia kwenye utafiti, leo angepewa njia ipi? Jibu la swali hilo linafichua mengi. Likiwa ni moja kati ya njia mbili zinazolinganishwa, basi mnajua hatari iliyoongezeka ni ndogo kiasi gani. Ikiwa kuna dawa bandia, yaani kitu kisicho na dawa ndani, ulizeni inatolewa juu ya matibabu ya kawaida au badala yake. Kwa nimonia kali ya mtoto, badala yake haikubaliki, na hapo mnasema hapana bila kufikiri mara mbili. Muulizeni pia ni dalili gani zikitokea watamwondoa mtoto kwenye njia aliyopangiwa, nani anazikagua usiku, na akipata madhara kwa sababu ya utafiti nani anagharimia. Vipimo na dawa za utafiti hamtakiwi kulipia hata shilingi. Kurudishiwa nauli ni halali. Mkiahidiwa pesa nyingi, hapo pana shaka.

Kuhusu damu. Waambieni wawaonyeshe kiasi chenyewe, kwa mililita, na ni mara ngapi. Mililita tano ni kijiko kimoja cha chai. Sehemu ya damu inapimwa papo hapo kwa ajili ya matibabu ya mtoto. Nyingine huenda ikahifadhiwa kwa utafiti wa baadaye, au ikasafirishwa kwenda maabara ya nje, na hiyo ya nje inahitaji kibali chake maalumu cha nchi. Katika tafiti nyingi kipengele cha kuhifadhi sampuli kina kisanduku chake peke yake: mnaweza kukubali utafiti na mkakataa hicho. Watu hawaambiwi hivyo vya kutosha.

Huenda mkasikia pia kwamba kuna wazazi walioulizwa kwa mdomo tu na kutia saini baadaye. FEAST ilifanya hivyo kwa watoto waliofika katika hali ya kufa na kupona, kwa idhini ya kamati za maadili, kwa sababu kumsomea mama kurasa kumi wakati mtoto anakata roho ni ukatili. Nakubaliana na utaratibu huo kwa dharura ya kweli. Mtoto wenu amekwisha kulazwa na mmepewa muda, kwa hiyo hakuna wa kuwaharakisha.

Umeniuliza kwa namna kwamba unataka nikwambie mimi ningefanyaje. Majibu ya hayo maswali yakiniridhisha, ningekubali kwa mwanangu. Mtoto aliye kwenye utafiti ulioendeshwa vizuri hupimwa mara nyingi zaidi na kutazamwa kwa karibu zaidi, na mabadiliko ya hali yake huonekana mapema. Lakini nisikufiche: utafiti haufanywi kwa faida ya mtoto huyu. Unafanywa kwa ajili ya watakaolazwa baada yake. Inawezekana akapangiwa njia ambayo mwishowe itaonekana kuwa dhaifu, na hakuna anayejua leo ni ipi. Mzazi anayekataa kwa sababu hiyo ameelewa vizuri, na hahitaji kuomba radhi kwa mtu.

Mdogo wako asitie saini kwa siri huku mumewe hataki, hata kama fomu inahitaji saini ya mzazi mmoja tu. Hali ya mtoto ikibadilika, lawama yote itamwangukia yeye, na nimeona ndoa zikiyumba kwa jambo hilo. Baba aitwe, akae na daktari, aulize hata maswali ya hasira. Akibaki na msimamo wake, jibu ni hapana na matibabu yanaendelea.

Wakikubali, wadai nakala ya fomu waliyosaini waende nayo nyumbani, na wamwombe mtafiti aandike pembeni namba yao ya simu ya kuwapa matokeo. Tafiti nyingi mno huchukua miaka, zikatangazwa kwenye majarida ya Ulaya, na wazazi walioziwezesha wasisikie chochote. Kamati zetu zinapaswa kuwabana watafiti kwa hilo kuliko zinavyofanya sasa, na mzazi anayeuliza mapema anazisaidia. Nijulishe hali ya mtoto, na kama kuna kipengele cha fomu kinachowatatiza, kiandike kama kilivyo nami nitakueleza maana yake.